Mwendo wa Wimbo na Mwendo wa Maisha
Maoni juu ya Missa Luba na juu ya namna tunavyoiimba

Neno "mwendo" lina maana mbili katika Kiswahili chetu. Maana ya kwanza ni namna ya kwenda kwa miguu: mmoja ana mwendo wa upesi, mwingine wa taratibu. Maana ya pili ni namna ya kuishi: tunasema kwamba kijana huyu ana mwendo mzuri, ao kwamba yule ameacha mwendo wake mbaya. Wazee waliotuachia neno hili hawakutenga sana maana hizo mbili. Kwao, aliyetaka kumjua mtu alitazama kwanza anavyokwenda.

Leo tunataka kuongeza maana ya tatu, ile ya waalimu wa muziki, ambayo Waitalia wanaiita tempo. Tutapima kazi moja inayojulikana na wote, ndiyo Missa Luba ya Kamina; tutaona ina mwendo gani, na sisi tumeufanya nini mwendo ule. Kisha tutatoka katika wimbo na kuingia katika mambo mengine ya maisha yetu, kwani anayekosa mwendo katika kuimba mara nyingi amekwisha kuukosa mahali pengine. Tunalotaka kuonyesha ni hili: kila jambo lina mwendo wake unaotoka ndani yake lenyewe, na kosa ni kuchukua mwendo wa jambo moja na kulivika jambo lingine.

I. Mwendo ni nini katika muziki

Wazungu wanaoandika muziki huweka juu ya karatasi neno la Kiitalia ili kuonyesha mwendo. Andante linatoka katika neno lenye maana ya "kwenda". Ni wimbo unaotembea, na hapa Mwitalia na Mswahili wamefikiri sawasawa. Allegro maana yake ni kuchangamka. Largo maana yake ni upana. Angalieni vizuri: katika maneno hayo hamna hesabu hata moja. La kwanza linafikiri miguu, la pili linafikiri moyo, la tatu linafikiri nafasi. Aliyeandika allegro hakumwambia mwimbaji kukimbia. Alimwambia kufurahi, na mwenye furaha anajua mwenyewe atakwenda namna gani.

Hesabu zilikuja nyuma. Mwaka wa 1814, huko Amsterdam, Dietrich Winkel alivumbua chombo chenye fimbo inayokwenda huku na huku na kupiga mapigo yaliyo sawa. Mwaka wa 1815 Johann Maelzel alikichukua, akakitengeneza, akajipatia hati ya serikali kwa jina la metronomu. Mwaka wa 1817 Beethoven alitangaza hesabu za metronomu kwa simfonia zake nane za kwanza. Basi mabishano yamekwisha? Hapana. Mpaka leo waongozaji wa muziki wanagombana juu ya hesabu zile, na wengi wanaona ni za upesi mno. Chombo kilicholetwa ili kumaliza shauri kimeliongeza. Sababu yake si ngumu: metronomu inajua mapigo ni mangapi katika dakika moja, lakini haijui nyumba wanamoimba watu kama inarudisha sauti ao inaimeza, haijui pumzi ya waimbaji, wala haijui siku yenyewe kama ni ya kilio ao ya arusi.

Sisi tuliozaliwa katika vijiji tuna chombo kingine cha kupimia, ndicho kinu. Wanawake wawili wakitwanga mahindi katika kinu kimoja, mchi wa huyu unapanda wakati mchi wa yule unashuka. Hakuna anayehesabu. Mwenye haraka atagonga mchi wa mwenzake. Mwenye kulegea atamwachia mwenzake kazi yote. Tena, mahindi yakianza kuwa unga, sauti ya kinu inabadilika, na mwendo wao unabadilika pamoja nayo. Hivi tunaona kwamba mwendo unatokana na mambo matatu: kazi yenyewe, nguvu za watu wanaoifanya, na masikio yao, maana kila mmoja anamsikiliza mwenzake. Tuyashike mambo hayo matatu, kwani ndiyo yatakuwa kipimo chetu.

II. Missa Luba

Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, alifika Kongo mwaka wa 1953. Mwaka wa 1954, kule Kamina katika Katanga, alianzisha korali ya watoto wa shule pamoja na waalimu wao, ikaitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Missa Luba iliimbwa mara ya kwanza katika Misa, kwenye misioni ya Kamina, tarehe 23 Machi 1958. Mwaka ule ule korali ikasafiri Ulaya, ikaimba katika Maonyesho ya Dunia ya Brussels, na kampuni ya Philips ikaweka sauti zao katika sahani. Maneno yake ni ya Kilatini, kama sheria ya Eklezia ilivyotaka wakati ule. Sauti na ngoma ni za Kongo. Papa Pio XII, katika barua yake juu ya muziki mtakatifu ya mwezi wa 12 wa 1955, alikuwa amewahimiza wamisionari wasizidharau nyimbo za watu wanaowafundisha. Pale Kamina neno hilo lilipata watendaji.

Watu wengi wanaisifu Missa Luba kwa sababu ya ngoma zake. Sisi tunaisifu kwanza kwa sababu ya mwendo. Haazen na waimbaji wake hawakuchukua ngoma moja na kuipiga toka mwanzo mpaka mwisho wa Misa. Kwa kila sehemu walitafuta katika maisha ya watu wimbo uliokwisha kuwa na kazi ya namna ileile, wakauleta pamoja na mwendo wake.

Kyrie, Gloria na Credo zinafuata namna ya kasala. Kasala ni utenzi wa Waluba unaoimbwa hasa kwenye matanga. Mwimbaji anamtaja marehemu, anataja ukoo wake na matendo yake, naye anayesikia anatoa machozi na pia anasimama wima, sababu amekumbushwa yeye ni mtoto wa nani. Mwanafunzi wa liturgia anaweza kushangaa: kwa nini wimbo wa matanga katika Gloria, ambayo ni wimbo wa furaha? Jibu ni kwamba kasala haiishi katika kulia. Inataja majina makubwa. Nayo Gloria inafanya nini, kama si kutaja majina ya Mungu moja baada ya lingine? Na Credo ni kutaja matendo yake, toka uumbaji mpaka ufufuko. Mwendo wa kasala ni mwendo wa mtu anayetaja. Hawezi kwenda mbio, maana jina lililotajwa mbio halikumheshimu mwenyewe. Hawezi kulala, maana majina ni mengi na watu wanangoja.

Sanctus inafuata wimbo wa kuagana wa Kiluba. Hapa tunaona akili nzuri sana. Anayeaga hana haraka, sababu anapenda; lakini pia hawezi kukaa, sababu njia inamwita. Ndiyo hali ya Eklezia wakati wa Sanctus: miguu yake iko bado duniani, sauti yake imekwisha kuungana na malaika. Baadaye inakuja Hosanna katika mwendo wa ngoma ya kuchezwa ya Kasai, fupi na yenye nguvu, na baada ya utulivu wa kuaga furaha ile inapasuka kama mvua ya kwanza. Kama Sanctus yote ingalikwenda katika mwendo wa Hosanna, Hosanna yenyewe ingalipotea.

Agnus Dei inatoka katika wimbo wa Bena Lulua. Mnajua maneno yake ya mwisho yanaomba amani. Sasa mkumbuke miaka. Waluba na Walulua walisimama pamoja katika Misa moja mwezi wa 3 wa 1958, huyu na Kyrie yake, yule na Agnus Dei yake. Mwezi wa 10 wa 1959, kule Luluabourg, Waluba na Walulua walianza kuuana, na watu kwa maelfu wakakimbia nyumba zao. Tangu pale Agnus Dei ile ina uzito ambao watungaji wake hawakuujua. Anayeijua habari hiyo hawezi kuiimba kama wimbo wa kujaza nafasi wakati padri anamega mkate.

III. Makosa matatu

Kusifu bila kupima si kazi ya makala ya namna hii. Kuna makosa matatu: la kwanza ni la sahani, la pili ni la karatasi, la tatu ni letu wenyewe.

Sahani ilihifadhi sauti, nasi tunashukuru. Bila sahani, Kamina ingaliimba na dunia isingalisikia. Lakini katika sahani ile Misa nzima inakwisha kwa karibu robo ya saa, toka Kyrie mpaka Agnus Dei, bila masomo, bila mahubiri, bila sadaka. Sehemu zinafuatana kama nyimbo za tamasha. Anayesikiliza hasikii tena kwamba kati ya Credo na Sanctus kuna matoleo, na kati ya Sanctus na Agnus Dei kuna konsekrasio. Mwendo wa wimbo umekatwa na mwendo wa ibada. Ndiyo sababu Sanctus ya Kamina iliweza kwenda mbali mpaka katika sinema: mwaka wa 1968 Mwingereza Lindsay Anderson aliiweka katika filamu yake If...., iliyo habari ya vijana wanaoasi katika shule ya bweni. Wimbo ulipendeza mno. Lakini ulikuwa umeachana na altare, na wimbo usio na mahali pake unakubali mahali popote.

Kosa la karatasi linafanana na hilo. Kule Kamina waimbaji hawakusoma noti. Walipatana juu ya njia ya wimbo, kisha mwimbaji mkubwa akatangulia, wenzake wakamwitikia, na mengi yalizaliwa palepale. Baadaye karatasi zilichapwa ili korali za nchi nyingine ziweze kujifunza, na zinaiimba mpaka leo. Karatasi inaweza kushika sauti ya juu na ya chini, na urefu wa kila noti. Haiwezi kushika lile jambo la tatu la kinu, ndilo masikio. Korali yenye karatasi inamtazama mwongozaji. Korali ya Kamina ilisikilizana. Matokeo ni kwamba wageni wanaiimba kwa usahihi mkubwa, lakini inakuwa kama barua ya upendo iliyosomwa na mtu wa posta.

Tufike kwa kosa letu. Katika parokia nyingi za miji yetu pameingia kinanda cha umeme ambacho kinapiga ngoma chenyewe. Mpigaji anabonyeza mahali pamoja, ngoma inaanza. Haichoki, haisikilizi, haijui kama watu wamekwisha kuvuta pumzi. Metronomu ya Maelzel imerudi, na safari hii imevaa nguo ya Kiafrika. Korali inakimbizwa na chombo. Kyrie, ambayo ni kilio cha wenye dhambi, inakwenda sawasawa na wimbo wa matoleo. Sanctus sawasawa na wimbo wa kutoka. Mzee aliyeketi nyuma, ambaye angaliweza kuimba, ananyamaza, sababu mwendo ule si wa pumzi yake. Wakristu wamegeuka watazamaji katika nyumba yao wenyewe. Tena tunaambiwa kwamba huo ndio muziki wa Kiafrika! Babu zetu walikuwa na ngoma ya kilio, ngoma ya arusi, ngoma ya kuwinda, ngoma ya mfalme, na mtoto aliyesikia mapigo matatu tu alijua kama akimbie kucheza ao avue kofia. Anayepiga ngoma moja kwa mambo yote amewaacha babu zake mbali kuliko yule anayeimba Kigregoriano.

IV. Wamonaki nao

Tusifikiri kwamba shida hii ni ya Waafrika peke yao. Kule Sankt Gallen, katika nchi ya Uswisi ya leo, karne ya 9 na ya 10, wamonaki waliandika alama za wimbo juu ya maneno ya zaburi, na karibu na alama hizo waliongeza herufi ndogo. Notker, mmonaki wa pale aliyekufa mwaka wa 912, alizieleza katika barua. Herufi c ilitaka mwimbaji aende upesi. T ilimtaka avute na kushika. X ilimwambia angoje. Kwa hiyo watu wa kale wa Ulaya walijua kwamba ndani ya wimbo mmoja, tena ndani ya neno moja, sauti inaweza kukimbia kidogo, kisha kukaa.

Baadaye ujuzi huo ulisahauliwa, na kwa karne nyingi Kigregoriano kiliimbwa kizito, noti baada ya noti, kama watu wanaopanga matofali. Katika karne ya 19 wamonaki wa Solesmes, katika Ufaransa, walianza kukirudisha kwenye uzima. Dom Joseph Pothier alitoa kitabu chake mwaka wa 1880 na kufundisha kwamba wimbo unafuata mwendo wa neno linalosemwa vizuri. Dom André Mocquereau, aliyemfuata, alitengeneza elimu ya mapigo ambamo noti zina urefu sawa. Elimu hii iliwasaidia waseminari wa dunia nzima kuimba pamoja, wa Kongo vilevile. Lakini Dom Eugène Cardine, mmonaki wa Solesmes naye, alirudi kwa vitabu vya kale na zile herufi ndogo, na mwaka wa 1968 alionyesha kwamba noti zile hazikuwa sawa kabisa. Zilipimwa kwa silabi na kwa maana.

Somo kwetu ni wazi. Ulaya ilipoteza mwendo, ikatafuta kwa hesabu, kisha ikatambua kwamba hesabu haitoshi. Sisi tunataka kuanza pale ambapo wao walikosa?

V. Juu ya methali "Polepole ndiyo mwendo"

Hapa mmoja atasema: "Padri anataka twende polepole. Wazee walikwisha kusema: polepole ndiyo mwendo." Sivyo. Methali ile ni nzuri, lakini ni nusu ya ukweli, na wenyewe walioitunga walitunga pia nyingine: "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Polepole nayo inaweza kuwa mwendo wa jambo moja uliovikwa jambo lingine.

Tuchukue habari ya nchi yetu. Mwishoni mwa mwaka wa 1955 mwalimu mmoja wa Ubelgiji, A. A. J. Van Bilsen, alitoa mpango wa kuifikisha Kongo kwenye uhuru katika miaka 30. Wabelgiji wengi walimkasirikia, sababu waliona miaka 30 ni upesi mno. Mwezi wa 7 wa 1956 kundi la gazeti la Conscience africaine, ambamo alikuwamo Abbé Joseph Malula, aliyekuwa kardinali baadaye, lilikubali njia ya hatua kwa hatua. Mwezi wa 8 chama cha Abako kikajibu kwamba watu wamekwisha kungoja vya kutosha. Mabishano yote yale yalikuwa juu ya mwendo. Na mambo yakaenda namna gani? Kutoka siku ile ya Missa Luba ya kwanza mpaka tarehe 30 Juni 1960 ilipita miezi 27 tu, na Kongo ikawa nchi huru, ikiwa na watu wachache sana waliomaliza universite. Wengine wanasema: "Ilikuwa haraka." Ni kweli. Lakini haraka ile ilizaliwa na nani? Ilizaliwa na polepole ya miaka mingi, wakati waliokuwa na uwezo wa kupanda hawakupanda. Mkulima asiyelima mwezi wa mvua asiseme mwezi wa kuvuna kwamba mahindi yana haraka.

Eklezia ilikwenda namna nyingine, ijapokuwa nayo si bila kosa. Kardinali Lavigerie aliwapa Mapadri Weupe sheria ya kuwatayarisha wakatekumeni kwa miaka minne kabla ya ubatizo. Wengi waliona ni ndefu. Lakini miaka ile ilikuwa ya kupanda, si ya kungoja tu: kila hatua ilikuwa na mafundisho yake na majaribu yake. Mapadri hao walifika Mpala, kando ya ziwa Tanganika, mwaka wa 1885. Tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, Mgr Roelens alimpa upadri Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa Kongo katika nyakati zetu. Ni miaka 32, karibu sawa na miaka ya Van Bilsen. Tofauti ni kwamba huku mbegu ilikuwa imekwisha kutiwa udongoni, na kule walikuwa bado wanabishana kama kuna mbegu. Lakini tuseme ukweli wote: toka Kaoze mpaka Mgr Pierre Kimbondo, askofu wa kwanza Mkongo, aliyewekwa mwaka wa 1956, tulingoja tena miaka 39, wakati Uganda ilikuwa na askofu wake Joseph Kiwanuka tangu 1939. Polepole ile haikuwa yote ya hekima. Nyingine ilikuwa ya woga.

Kwa hiyo tusiulize tu kama jambo linakwenda upesi ao polepole. Tuulize ni nani anayeutoa mwendo: jambo lenyewe, ao hofu yetu, ao uvivu wetu, ao saa ya mkononi.

VI. Mwendo wa altare

Turudi nyumbani mwetu, maana hapa ndipo neno letu linapouma zaidi. Mwaka wa 1760 Mt. Alfonsi wa Liguori aliandika dhidi ya mapadri wanaosoma Misa na breviari mbiombio. Alifundisha kwamba Misa isiyofika robo ya saa haiwezi kukosa dhambi nzito. Wakati ule kosa lilikuwa moja, ufupi. Sisi wa leo tuna kosa gumu zaidi, kwani linajificha ndani ya urefu.

Tarehe 30 Aprili 1988 Roma ilikubali Misale ya majimbo ya Zaire. Ni zawadi kubwa, na Papa Fransisko aliisoma Misa hiyo katika Vatikano tarehe 1 Desemba 2019, na tena Ndolo, Kinshasa, tarehe 1 Februari 2023, mbele ya watu waliopita milioni moja. Ukiisoma vizuri utaona ni Missa Luba iliyokomaa: kila sehemu ina mwendo wake. Kuna kuwaita watakatifu na mababu. Kuna kucheza kwa kuizunguka altare wakati wa Gloria. Na tendo la toba limewekwa baada ya kulisikia Neno, na amani inafuata toba mara moja, maana katika mila zetu hakuna anayetoa zawadi akiwa na ugomvi moyoni.

Lakini sisi tunafanya nini nayo? Tumeona mara nyingi, na ninyi mmeona: matoleo yanachezwa nusu saa, matangazo yanachukua robo ya saa, mahubiri hayana mwisho, kisha padri anatazama saa, na Sala ya Ekaristia inapita kama gari moshi katika stasio ndogo. Kile ambacho kinapaswa kukaa kinakimbia. Kile ambacho kinapaswa kupita kinakaa. Misa ya saa mbili na nusu inaweza kuwa Misa ya haraka! Na baada ya komunyo, wakati Eklezia inapotaka kimya, kinanda kinaanza tena, kama vile Mungu akikaa kimya ni lazima tumsaidie.

Mtu atapinga: "Padri, vijana wetu wanapenda mwendo wa nguvu. Tukiwapunguzia, watakwenda kwa makanisa ya uamsho." Neno hili tusilidharau, kila mmoja wetu anajua jamaa waliotoka. Tunajibu mambo mawili. Kwanza, hatusemi kupunguza. Katika Hosanna, katika Gloria, katika wimbo wa kutoka, nguvu zote zitoke, na miguu icheze. Pili, kijana aliyefiwa na mama yake, ao aliyekosa kazi kwa miaka mitano, akija Misa na kukuta toka mwanzo mpaka mwisho mwendo mmoja wa sikukuu, atawaza kwamba huzuni yake haina kiti katika nyumba hii. Kasala ilimpa mwenye kufiwa kiti. Tukimwondolea hicho, tumemfukuza sisi wenyewe, tena kwa ngoma.

VII. Maneno ya mwisho

Kwa waseminari tunasema: jifunzeni solfeji na vinanda, ni elimu ya lazima, lakini wakati wa likizo kaeni karibu na wazee waimbaji wa vijiji vyenu, muwaulize wimbo huu unaimbwa lini na kwa nini, kabla ya kuuandika. Aliyechukua sauti bila mwendo wake amechukua ngozi ya nyama.

Kwa makatekista: msihesabu kurasa za katekismu zilizokwisha. Mkatekumeni mmoja anashika upesi kwa akili na polepole kwa moyo. Mwingine ni kinyume. Anayewafundisha kama kinanda kile cha umeme atafika mwisho wa kitabu peke yake.

Kwa wenzetu mapadri: Mt. Benedikto, katika Kanuni yake, anamtaka mmonaki anaposikia ishara ya sala aache kila kitu na kukimbilia kanisani, lakini kwa utulivu wa heshima. Hakimbii ndani ya sala. Anakimbia kuifikia, ili awe na wakati wa kukaa humo. Tungalianza Misa saa iliyotangazwa, na kufupisha matangazo, Sala ya Ekaristia ingalipata nafasi yake bila kumchosha mtu.

Na sisi sote tuiangalie Evanjili. Luka anaandika kwamba Bikira Maria, alipopata habari za Elizabeti, alisafiri kwa haraka kwenda mlimani. Yohane anaandika kwamba Bwana Yezu, alipoletewa habari ya kwamba Lazaro ni mgonjwa, alikaa siku mbili zaidi pale alipokuwa. Mama aliharakisha kwa sababu alikuwa na mtu wa kusaidia. Mwana alikawia kwa sababu alikuwa na utukufu wa Baba wa kuonyesha. Wote wawili walimpenda yule waliyekuwa wakimwendea, na upendo ule ndio uliowapa mwendo. Tuombe neema ya kuusikia nasi, kila mmoja katika kazi yake.